Famoro Condé, Mtu wa Chini

Karibu kila mtu wa Conakry aliyewahi kuhudhuria harusi kubwa alikuwa amemwona Famoro Condé, ila si wengi waliokuwa wakiijua sura yake. Kwa miaka kumi na sita alisimama chini kabisa ya mnara wa watu wa kikundi cha sarakasi cha mtaa wa Coléah. Wenzake wawili walikanyaga mapaja yake na kujipinda nje, mmoja huku na mmoja kule, kama mabawa. Wawili wengine walisimama mabegani kwake. Na juu ya hao wa mabegani alisimama Saran Traoré, kwa mguu mmoja, akipepea kitambaa chekundu. Watu walimtazama Saran. Nani angetazama chini? Kule chini kulikuwa na miguu miwili minene na suruali ya manjano, na pale ambapo pangekuwa na uso palikuwa na kiuno cha mtu mwingine.

Mwenyewe jambo hilo halikumnyima usingizi. Alikuwa mtu wa haya. Ukimsifu, aliinama akaangalia vidole vyake vya miguu kana kwamba ndivyo vilivyosifiwa.

Alizaliwa Kouroussa, akaja Conakry kijana wa miaka kumi na minane kutafuta riziki, akawa hamali katika soko la Madina. Alibeba mchele, saruji, vyerehani, chochote kilichomshinda mwenye mali. Siku moja Mwalimu Kerfalla, kocha wa sarakasi, alinunua friji kuukuu na kumpa Famoro aibebe. Famoro akaitwika kichwani, akatembea nayo mpaka Coléah, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akasimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyetoka kuamka, "Niiweke wapi, Mzee?"

Mwalimu hakuiangalia friji. Aliangalia miguu.

"Unaweza kusimama?" akamuuliza.

"Nimesimama, Mzee."

"Namaanisha watu wakikukwea."

"Watu ni wazito kuliko hii?"

"Si wazito. Ila friji haiogopi. Watu huogopa, na mtu akiogopa hutikisika. Wewe utakuwa unabeba woga wao."

Famoro alifikiri kidogo, friji ingali kichwani, kisha akasema atajaribu. Hivyo ndivyo alivyoingia sarakasi.

Mazoezi yalikuwa uani, nyuma ya sinema ya zamani isiyoonyesha picha tena, juu ya magodoro yaliyoshonwa na kushonwa upya. Miaka ya mwanzo alijifunza jambo moja tu: kusimama. Alijifunza kupumua bila kifua kupanda, kuukaza mguu huu na kuulegeza ule, kumjua kila mwenzake kwa uzito wa nyayo zake. Kabla Saran hajasema kwamba amelala vibaya, mabega ya Famoro yalikuwa yameshapata habari.

Na Saran alisema mengi. Condé na Traoré ni watani tangu enzi za mababu, na binti huyo hakuwa mtu wa kuacha haki yake ilale bure. Alikuwa amesoma chuo kikuu, anajua Kifaransa na Kiingereza, na ndiye aliyeshughulikia karatasi zote za kikundi, lakini akishafika juu ya mnara alikuwa Traoré mtupu.

"Condé, mtumwa wa babu yangu, umekula maharage tena. Harufu inanifikia huku."

"Hiyo ni miguu yako, Traoré. Shuka ukaoge kwanza, ndipo uje kutawala."

"Nyamaza na usimame. Ndiyo kazi tuliyokununulia."

Wale wanne wa katikati walikuwa wakiwasihi waache, maana kicheko kikiwakamata katikati ya mnara, wote wangekuwa chini.

Basi mwaka mmoja, mvua za Julai zikiwa zimelifunga jiji, ikaja habari njema. Sarakasi moja ya mji wa Milwaukee, Marekani, iliwaona kwenye video, ikataka kuwachukua wote sita kwa msimu mzima wa baridi. Mkataba ukatiwa saini. Ombi la viza za kazi, zile wanazopewa wasanii na wanamichezo wa kigeni, likapelekwa na wakili wa sarakasi hiyo, mwanamke aitwaye Bi Lindqvist. Mke wa Famoro, M'Mahawa, aliyekuwa akiuza wali na mchuzi wa karanga kwenye njia panda, alianza kumnunulia mumewe soksi za sufu, jozi baada ya jozi, katika jiji ambalo hata ndani ya mvua watu hutokwa jasho.

Wiki ya tatu ikaja barua ya idara ya uhamiaji ya Marekani. Saran aliisoma uani kwenye simu yake, wenzake wamesongamana chini ya kibaraza kukwepa mvua. Alisoma kwa sauti, akitafsiri, halafu sauti ikapungua.

"Watano wamekubaliwa," akasema. "Mmoja wanataka ushahidi zaidi."

"Nani?" akauliza Mwalimu Kerfalla.

Saran hakumwangalia Famoro, na kwa kutomwangalia kwake wote wakajua.

Barua haikuwa na ubaya wowote. Hata adabu ilikuwa nayo. Ilisema sheria inataka mambo mawili kwa kila msanii wa kikundi: kwamba amekuwa na kikundi mwaka mmoja au zaidi, na kwamba kazi yake ni sehemu ya lazima ya onyesho. Kwa Famoro Condé hayakuonekana yote mawili. Picha zilizopelekwa hazikumwonyesha. Magazeti yaliandika "wanasarakasi watano." Bango la miaka mitatu iliyopita lilikatwa chini ya magoti ya watu wa mabegani. Walipewa wiki sita za kujibu.

"Magazeti yamesema watano?" akauliza kijana mmoja wa mapajani.

"Waliohesabu walihesabu vichwa," akajibu Mwalimu kwa uchungu.

Famoro alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema polepole, "Msiikose safari kwa ajili yangu. Nendeni. Mtapata mtu mwingine wa kusimama."

"Condé," Saran akamwambia, na safari hii hakukuwa na utani, "bila wewe tunakwenda Marekani kufanya nini? Kutazama theluji?"

Famoro alirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikimnyeshea, akamweleza mkewe. M'Mahawa alimsikiliza mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi wa kabila la Kisusu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na honi za magari.

"Miaka kumi na sita," akasema, "unaingia hapa una alama za nyayo mabegani. Mimi ndiye ninayekusugua kwa mafuta ya mawese. Mimi nayajua mpaka majina ya hizo nyayo. Leo karatasi inasema haupo?"

"Haijasema sipo. Imesema sionekani."

"Basi utaonekana. Kaa ule."

Siku ya pili yake hakuna aliyenunua wali wa M'Mahawa bila kupewa habari hiyo pamoja na mchuzi. Madereva waliisikia, mafundi cherehani wakaisikia, walimu wa shule wakaibeba mpaka nyumbani kwao. Kila mmoja aliulizwa swali lile lile: "Ulipooa, nani alicheza? Ulipompa mwanao jina, nani alicheza? Una picha?"

Wa kwanza kuja alikuwa Hajati Nantenin, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwenye heshima kubwa mtaani. Alikuja na mwavuli mmoja na wajukuu wawili, akatoa picha iliyofungwa ndani ya leso. Ndani ya picha alikuwa yeye mwenyewe siku aliporudi kutoka Maka, amevaa nyeupe tupu, ameketi juu ya bega la Famoro kama malkia, akicheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Na chini yake, wazi kama mchana, uso wa Famoro. Kwenye pembe palikuwa na tarehe. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita.

"Nilikuwa nimesahau, Hajati," Famoro akasema kwa haya.

"Wewe usahau. Mimi sijawahi kuwa juu vile tena. Sasa sikiliza, mwanangu. Picha hii iende, lakini irudi. Ikipotea huko Marekani nitakufuata mwenyewe, na utanibeba tena kunirudisha."

Baada ya Hajati wakaja wengine. Walileta albamu za harusi zenye jalada la plastiki, walileta simu zenye vioo vilivyopasuka, mmoja alileta picha ikiwa bado kwenye fremu, na msumari wake. Saran akaketi kwenye benchi la M'Mahawa akizipanga kwa miaka, na hapo akagundua jambo lililomfanya acheke peke yake. Wapiga picha wa magazeti hupanda viti ili wamwone aliye juu. Lakini wageni wa harusi huketi kwenye mikeka. Wanapiga picha kutoka chini, kupitia mwanya wa miguu ya watu, na katika mwanya huo, kila mara, alikuwemo Famoro: Famoro kijana mwembamba, Famoro mwenye ndevu, Famoro aliyenyoa ndevu kwa sababu mke alizikataa. Picha arobaini na moja, kila mwaka na za kwake.

"Hili la mwaka mmoja tumelimaliza," Saran akasema. "Limebaki la pili. Tutawaonyeshaje kwamba yeye ni wa lazima?"

Mwalimu Kerfalla alikuwa akila. Akamaliza tonge lake, akanawa, akasema, "Mtu wa lazima humjui mpaka umwondoe. Tumwondoe."

Mtaani kulikuwa na fundi magari aitwaye Bangaly, kijana wa miraba minne, aliyekuwa na tabia ya kuinua injini mbele ya wasichana wakati winchi ilikuwa hapo hapo. Mwalimu alimwendea na kumwambia kuna kazi ya kusimama tu. Bangaly alicheka.

"Kusimama? Mwalimu, mimi huinua gari likiwa na dereva ndani."

"Njoo Jumamosi asubuhi," Mwalimu akamwambia.

Jumamosi mvua ilipumzika. Magodoro yalitandikwa mawili mawili, na uani pakajaa watu kuliko siku ya onyesho, kwa kuwa M'Mahawa alikuwa amehamisha sufuria zake hapo hapo. Saran aliweka simu kwenye kigoda na kuiegemeza kwa tofali. Bangaly alivua fulana, akaionyesha misuli yake pande zote nne za dunia, akapanua miguu.

Wa mapajani walipanda. Bangaly akatabasamu. Wa begani wa kwanza akapanda, na tabasamu likabaki mahali pake ila macho yakaacha kutabasamu. Wa begani wa pili alipoweka mguu, goti la kulia la Bangaly likaanza kucheza ngoma yake lenyewe.

"Tulia, kaka," wa juu akamwambia.

"Nimetulia. Nyinyi ndio mnaotikisika."

"Sisi tunatikisika kwa sababu wewe unatikisika."

"Basi acheni kwanza nyinyi."

Saran alikuwa hajaweka hata kidole. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika mkono wa mwenzake ili apande, pale mnara wote ulipoinama taratibu kuelekea kwenye sufuria, ukafikiri tena, ukaanguka upande wa magodoro. Hakuna aliyeumia. Bangaly alikuwa chini ya wote, na sauti yake ikatoka humo, "Nani ameweka kiwiko machoni mwangu?"

Uani watu walicheka hadi wengine wakaketi chini. Wakajaribu mara ya pili, wakajaribu ya tatu. Mara ya tatu Bangaly mwenyewe aliinua mikono kabla ya mtu wa nne kupanda.

Ndipo Famoro akaja mahali pale pale, simu ile ile ikiendelea kurekodi. Alipangusa nyayo zake kwenye suruali, moja baada ya nyingine, akasimama. Wakapanda wote wanne kama watu wanaoingia nyumbani kwao. Saran akawapitia, akafika juu, akainua mguu.

"Condé, naona leo umeoga."

"Nimeoga kwa sababu yako, Traoré. Nilijua kuna wageni."

Mwalimu akahesabu mpaka sitini kwa sauti. Bangaly, ambaye alikuwa ameketi pembeni akijishika jicho, alihesabu pamoja naye. Walipofika sitini aliinuka akamwendea Famoro, wale watano wakiwa bado juu, akamtazama usoni kupitia mwanya. "Hata jasho huna," akasema, kama mtu aliyeibiwa.

Video hiyo na picha arobaini na moja zilikwenda Milwaukee. Bi Lindqvist aliandika kwamba ofisini kwake wameitazama mara nyingi kuliko sheria inavyohitaji, na akauliza kama yule kijana wa jicho amepona. Siku ya ishirini na sita jibu likaja: ombi la Famoro Condé limekubaliwa, na faili lake, pamoja na picha zote, limepelekwa ubalozini Conakry.

Ilibaki mahojiano ya ubalozini. Famoro alivaa kanzu yake ya buluu ya Idi, akaketi kwenye foleni na wenzake. Angeweza kubeba watu watano, lakini huyu mmoja wa nyuma ya kioo alimwona mzito kuliko wote. Ofisa alikuwa mwanamume wa makamo mwenye Kifaransa cha kujifunza vitabuni.

"Kazi yako katika kikundi ni nini hasa?"

"Nasimama," Famoro akasema.

"Unasimama tu?"

"Bwana, kila mmoja wao ana kitu anachofanya huko juu. Wanaweza kukifanya kwa sababu hawaniwazi. Wakianza kuniwaza, nimeshindwa kazi."

Ofisa aliandika kitu. "Na msimu ukiisha, utarudi Guinea?"

"Lazima nirudi. Mke wangu yuko hapa. Halafu kuna picha ya mama mmoja mtaani kwetu, imo ndani ya faili lenu. Amesema isiporudi atakuja kuichukua mwenyewe."

Ofisa alifungua faili, akapekua, akafika kwenye picha ya Hajati Nantenin juu ya bega. Alikaa akiitazama. Famoro alimwona akikandamiza midomo kama mtu anayezuia chafya. Kisha akachukua bahasha, akaitia picha ndani, akaipitisha chini ya kioo.

"Hii mrudishie leo," akasema. "Nakala inatutosha. Viza yako utaichukua Alhamisi."

Nje, wenzake watano walikuwa wakimsubiri chini ya mti wa barabarani, nao wote walikuwa wameshapita. Famoro alipotoka aliinua tu kichwa. Saran alimrukia mgongoni hapo hapo, mbele ya walinzi, na wengine wakafuata, na mlinzi mmoja ikabidi awaombe kwa heshima wakajenge mnara wao mbali na lango.

Jioni ile Coléah ilikula. M'Mahawa alipika wali wa majani ya muhogo na samaki wa moshi, hakumlipisha mtu. Wanawake walipiga vibuyu. Hajati Nantenin alipokea picha yake, akaikagua mbele na nyuma kwa makini, kisha akaamua kwamba, maadamu kijana anasafiri, ni haki apandishwe mara moja nyingine. Akapandishwa. Kutoka juu aliwaambia wanawake walio chini mambo ambayo hayafai kuandikwa.

Milwaukee walifika Novemba. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio, na Famoro alizivaa soksi za M'Mahawa jozi tatu kwa mpigo. Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana, hema limejaa familia na watoto. Taa zilikuwa kali kuliko walivyozoea, na sakafu ya mbao ilikuwa ikirudisha mguu juu kidogo, kama godoro jipya. Walipanda wa mapajani, wakapanda wa mabegani. Saran alipopanda, Famoro alihisi mtetemo mdogo sana ukishuka kupitia watu wawili na kumfikia kwenye mfupa wa bega. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuhisi kutoka kwake. Msichana huyo, aliyesoma barua zote na kujibu maswali yote, alikuwa anaogopa.

Famoro akavuta pumzi bila kupandisha kifua, akasema kwa lugha yao, sauti ya kuwatosha wao sita tu, "Traoré, nani amekupa ruhusa ya kutetemeka juu ya Condé? Babu yako alikuwa akituomba kwanza."

Halafu kutoka juu: "Babu yangu hakuwahi kuomba kitu kwa walaji wa maharage."

"Basi tulia, binti wa bwana mkubwa. Maharage yako hapa chini, hayaendi popote."

Mtetemo ukaisha. Alihisi mguu mmoja wa Saran ukiuacha mwili wa mwenzake, uzito wote ukahamia upande wa kushoto, na bega lake la kushoto likaupokea kama anavyopokewa mgeni anayejulikana. Kitambaa chekundu yeye hakukiona. Alisikia watu elfu wakivuta pumzi pamoja, kisha makofi, na makofi hayo aliyasikia kwa nyayo zake, yakipanda kutoka kwenye mbao.

Walirudi Machi wote sita, na mkataba wa msimu mwingine ndani ya begi la Saran. Famoro alilala siku mbili. Siku ya tatu alikwenda uani, akamkuta Bangaly amefika kabla yake, hana fulana, ameketi juu ya ndoo.

"Nataka unifundishe," Bangaly akasema. "Ile ya kusimama."

Famoro aliiangalia miguu ya Bangaly kwa muda. Kisha akamwonyesha mahali, akamwambia apanue miguu kidogo, alegeze magoti, apumue. Bangaly akasubiri mtu apande. Hakupanda mtu. Famoro alikwenda kibarazani, akaketi, akafunua sahani ya wali aliyofungiwa na mkewe, akaanza kula.

"Mpaka lini?" Bangaly akauliza.

"Wewe simama tu," Famoro akamjibu. "Nitakwambia."